Shairi la Bibi Lilivyosomwa Kutoka Chini

Mwalimu Eli,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi miezi minne tu, na kufa hakujakuongezea umri. Pokea salamu za kawaida kutoka Kimandolu, kwa fundi wako wa siti za magari, Zakayo mrefu, mtu aliyefika Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura kwa lori wewe ukiwa bado hujaiona Dodoma.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu kuna jambo kubwa nimelifanya, na huku duniani nimeshamsimulia kila mtu. Wateja wamenichoka. Juzi mwenye Noah mmoja aliniambia, "Zakayo, nishonee siti niondoke, hilo shairi nimeshalisikia mara tatu." Umebaki wewe tu ambaye hujalisikia, na wewe ndiye mwenye mali.

Kwanza habari za huku. Mwaka umetimia tangu tukuzike. Shemeji hajambo, amenenepa kidogo, usimwambie nimesema. Televisheni yetu pale karakana bado inafanya kazi, ile niliyoing'oa kwenye basi lililokufa, na ule mstari wa kijani upande wa kulia umepanuka. Ulisema unawafanya wanamuziki wote waonekane wana homa ya manjano. Sasa wamebakiwa na upande mmoja tu mzima. Siti yako ya Scania, ile uliyokuwa unaikalia kila Jumamosi, anakaa yeyote anayekuja. Watu walidhani nitaifunika kitambaa niilinde. Nilikataa. Siti imeshonwa ikaliwe, na mimi sishoni siti za makumbusho.

Dokumentari sijaacha. Jumamosi mchana nafunga mashine na kuwasha. Majuzi nilitazama moja ya bendi ya zamani ya dansi, wazee wanne waliobaki, wanapiga kwenye ukumbi ulioezuliwa paa, na mmoja anashika tarumbeta kwa mkono unaotetemeka. Wakaonyesha mtaa mmoja wa Lubumbashi. Nikageuka kukuambia, "Hapo nimepita, hapo nimekula samaki." Nikamaliza kugeuka ndiyo nikakumbuka. Hakukuwa na wa kuniambia, "Nyamaza Zakayo, mtu anaongea." Niliizima. Siku ile sikuitazama mpaka mwisho, nakwambia ukweli.

Wewe ulikuwa mwalimu wa historia Kikatiti, una shahada na miwani. Mimi nina kidato cha pili, nacho hakikuisha. Lakini ulikuwa unakuja kwangu kila Jumamosi na daftari, na watu walikuwa wanajiuliza mwalimu anafuata nini kwa fundi siti. Walidhani pombe. Laiti wangejua tulikuwa tunatazama wazungu na wakongo wakieleza habari za reli, za kahawa, za vita, za magitaa, na wewe unasimamisha picha kila dakika mbili unaandika.

Ile ya mzee wa gitaa ndiyo ilikuharibu kabisa. Mzee amekaa kwenye kreti la soda, anapiga kipande kidogo, noti kama saba hivi. Halafu akakipiga tena akianzia noti ya mwisho kurudi ya kwanza. Noti zilezile, wala hakuongeza hata moja, lakini cha kwanza kilikuwa msiba na cha pili kilikuwa mtu anaingia nyumbani. Ulirudisha picha mara tano. Nilikwambia umeme utakatika. Ukavua miwani, ukasema, "Zakayo, maneno nayo yanaweza."

Ndipo yakaanza mashairi yako ya kioo. Mistari inashuka mpaka katikati, halafu inarudi ileile, wa mwisho unakuwa wa kwanza, hakuna neno jipya isipokuwa nukta na koma unazihamisha, na maana inageuka. Wiki nzima ulikuwa unahangaika na manne matano. Mimi la kwanza nililitunga nikiwa nagonga misumari ya siti, nikakupa palepale:

Nakupenda.
Usiamini kwamba
sina nauli.

Nikakwambia, sasa lisome kutoka chini. Ukasoma: "Sina nauli. Usiamini kwamba nakupenda." Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Halafu ukasema kwa sauti ya ualimu kwamba lile neno la kati ndilo bawaba, mlango wote unazunguka hapo, na kwamba mimi nina kipaji ninachokichezea. Niliandika maneno hayo ukutani kwa chaki. Bado yapo. Nimeyapigia vanishi.

Lakini kulikuwa na shairi moja ambalo hukunionyesha kwa kucheka. La Bibi yako, mama yake Mama. Lile la kuhamishwa Ngarenanyuki, wazee wenu walipoambiwa nchi inatakiwa kwa mashamba ya wazungu, wakatolewa, nyumba zikachomwa nyuma yao. Mama yako alikuwa mtoto wa kubebwa. Ulianza kuliandika, ukaacha, ukalianza tena, miaka sita yote. Kila dokumentari ya watu kuhamishwa, iwe ya Wahindi wekundu au ya wakulima wa wapi sijui, unaligusa na kulifunika.

Pale wodini siku ile ya mwisho kuongea vizuri, ulinishika mkono. Nilidhani utasema habari za shemeji na watoto. Ukasema, "Hilo la Bibi, Zakayo. Limalize. Lisomwe Mama akiwa hai." Nikakujibu utalimaliza mwenyewe, acha maringo. Samahani kwa jibu lile. Ningekuwa na jingine ningelitoa.

Shemeji alinipa madaftari yako baada ya arobaini. Nikalifungua lile lenye shairi la Bibi. Mistari minne tu:

Hii si nchi yetu tena.
Usiseme
tutarudi.
Moto umekula vyote.

Na pembeni, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, ulijiandikia swali: "Watarudi na nini?"

Hapo ndipo ulipokwama, rafiki yangu. Ukilisoma kutoka chini, watu wanasema watarudi, lakini moto umekula vyote, kwa hiyo ni maneno matupu. Hawana kitu mkononi. Ulikuwa mkweli mno, hukuweza kuwarudisha watu mikono mitupu kwa ajili ya shairi tu.

Nilikaa nalo miezi minane. Nilishona siti za watalii nikiwa nalo, nikala nalo. Nilijaribu kuwapa ng'ombe, nikajaribu kuwapa wimbo, nikawapa hadi Biblia. Kila nikigeuza linavunjika. Mwishowe nikasema, mimi si msomi, msomi angeenda maktaba. Nikaenda kwa Mama, Ngarenanyuki.

Nilipitia Momela, ndani ya hifadhi, nyati wamejaa barabarani kama wanangoja kikao, nikafika saa nne asubuhi. Mama alikuwa jikoni na ungo, anachambua maharage. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akasema nimekonda, jambo ambalo si kweli, akanipa kigoda kinachonifanya magoti yafike masikioni. Nikamuuliza moja kwa moja, "Mama, siku ile nyumba zilipochomwa, mlirudi huku na nini?"

Hakunyanyua hata kichwa. Akachota maharage kwenye ungo, akaninyooshea kiganja. "Na haya."

Eli, nilihisi nywele zinasimama, hizo chache zilizobaki. Akanieleza taratibu kama anayeelezea jambo la jana. Kwamba mama yake alishona mbegu ndani ya pindo la nguo, kwa sababu waliokuja kuwatoa walikuwa wanaangalia ng'ombe na masufuria, hakuna aliyeangalia pindo la mwanamke. Zikapandwa kule walikopelekwa, zikavunwa, zikapandwa tena, kila msimu, hadi waliporuhusiwa kurudi. "Wengine walirudi wakaomba mbegu," akasema. "Sisi tulirudi nazo."

Nikamuuliza kama hakuwahi kukwambia wewe. Akasema, "Eli alikuwa ananiuliza mwaka gani. Mwaka mimi siujui."

Nisamehe nikikucheka kidogo. Miaka sita, mwalimu mzima, unamtafuta Bibi kwenye makaratasi na kwenye filamu za watu wa mbali, naye anapikwa kwenu kila Jumapili kwenye sufuria la maharage. Ulikuwa unamla na wali.

Mama alikuwa na kidonda kimoja. Mjomba wako Nderingo, mdogo wake, aliyezaliwa baada ya kurudi, amekuwa akisema siku zote kwamba mbegu zilitoka kwa wamisionari, na hiyo ya pindo ni hadithi ya wanawake ya kulazia watoto. Anasema hivyo mbele za watu, kwenye harusi, kwenye vikao. Nilipomwambia habari za shairi, Mama akasema, "Likisomwa kanisani, litakuwa limesemwa." Basi. Hakuomba kingine.

Nikarudi Kimandolu, na nikalimaliza siku hiyohiyo, kabla hata sijavua koti. Usibishe, shahidi ninaye, mwenye Noah alikuwepo. Nikaongeza mistari mitatu, na mmoja wake ni bawaba kama ile yangu ya nauli. Sikiliza:

Hii si nchi yetu tena.
Usiseme
tutarudi.
Moto umekula vyote.
Si kweli kwamba
Bibi ana mbegu kwenye pindo la nguo.
Njia ni ndefu, ng'ombe wanalia.

Wa mwisho huo ndio kioo, husomwa mara moja. Halafu linapanda. Wewe unajua linavyopanda. Nilililia, Eli. Nikajipongeza na chai ya maziwa vikombe viwili.

Sasa nikwambie kosa langu, maana wangekwambia wengine.

Ibada ya kumbukumbu yako tulipanga iwe kanisani kwenu, Jumapili ile ya mwaka. Mimi nikajitwika kazi ya karatasi za ratiba. Nikaandika shairi lote kwa mkono, mistari kumi na mitatu, kushuka na kupanda, nikampelekea Neema, yule binti wa steshenari jirani na karakana. Chini nikamwambia aandike "Shairi la Elirehema na Zakayo," na jina langu alikoleze. Nilipokwenda kuzichukua nilitazama sehemu moja tu. Jina langu. Lilikuwa limekolea vizuri sana. Nikazifunga kwa mpira, karatasi mia na hamsini, nikaondoka kifua mbele.

Neema ni binti makini, hatutamlaumu. Aliona mistari sita inajirudia. Akadhani mzee huyu amechanganyikiwa na uchungu wa rafiki yake, ameandika mara mbili. Akanionea huruma, akaifuta. Aliniambia baadaye, "Baba Zakayo, nilidhani nakusaidia." Kweli alinisaidia: alibakiza nusu ya kushuka tu na jina langu chini yake.

Sikujua hilo mpaka mwalimu wa kwaya, niliyempa asome kwa sababu ana sauti ya kuchimba kisima, aliposimama mbele na kuanza. Kanisa limejaa. Mama yuko benchi la mbele, kavaa kitenge kipya. Mimi nyuma yake, nimekunja mikono, nangoja kusifiwa. Akasoma vizuri mno. Hii si nchi yetu tena. Usiseme tutarudi. Moto umekula vyote. "Si kweli kwamba Bibi ana mbegu kwenye pindo la nguo." Njia ni ndefu, ng'ombe wanalia. Halafu akakunja karatasi na kwenda kukaa.

Akakaa, Eli.

Nikaitazama karatasi yangu kwa mara ya kwanza. Baada ya mstari wa ng'ombe yalikuwepo majina tu. Mbele ya ukoo mzima, mbele ya mchungaji, kwa jina lako na langu lililokolezwa, tulikuwa tumemwambia Mama kwamba ni mwongo.

Mama hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, umeinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nderingo upande wa pili akasema, siyo kwa sauti kubwa, lakini kanisa likiwa kimya kila kitu ni kikubwa, "Si nilisema? Hata Eli mwenyewe alijua. Hadithi za wanawake."

Nikasimama. Mguu wangu ule wa ajali ya Tunduma ukakataa, nikashika benchi. Mchungaji akaniangalia kwa jicho la ratiba. Nikasema, "Mchungaji, shairi halijaisha." Nderingo akasema, "Limeisha, tumesikia. Fundi siti, kaa. Wewe si wa ukoo huu." Nikamjibu, "Mjomba, kweli si wa ukoo. Ndiyo maana nilienda kuuliza."

Kuna watu walicheka. Hiyo ilinisaidia, unajua mimi nikisikia kicheko napata nguvu kama lori limetiwa dizeli. Nikawaambia, shikeni karatasi zenu. Lilivyosomwa ni kushuka. Marehemu alikuwa anaandika mashairi ya kushuka na kupanda, na mimi mjinga sikukagua karatasi. Sasa wekeni kidole kwenye mstari wa mwisho, ule wa ng'ombe. Tutasoma pamoja, mstari mmoja mmoja, kwenda juu. Msiruke.

Ungewaona. Wazee wanatafuta miwani, kina mama wanaelekezana vidole, watoto wa Sunday school wameshaanza kabla yetu. Watu mia na zaidi wanaisoma karatasi kutoka chini kwenda juu kanisani. Mchungaji naye kidole chini. Tukaanza, mwanzo kama mvua ya kwanza kwenye bati, haijulikani ni nani:

Njia ni ndefu, ng'ombe wanalia.
Bibi ana mbegu kwenye pindo la nguo.

Hapo sauti zikakaza. Nadhani ndipo walipoelewa.

Si kweli kwamba
moto umekula vyote.
Tutarudi.

Kina mama walilirudia hilo peke yao. Mimi sikuwaambia.

Usiseme

Na kabla hatujafika mstari wa juu kabisa, Mama akanyanyuka. Wewe unajua hasomi, karatasi ilikuwa mapajani, labda hata ilikuwa imegeuka. Alisikia neno lile akadhani anaambiwa yeye. Akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Sisemi."

Kanisa zima likamalizia nyuma yake, pole pole: hii si nchi yetu tena.

Usiseme. Sisemi. Mstari huo haumo kwenye daftari lako wala langu. Nimeuandika kwa penseli pembeni, chini ya swali lako jekundu, na nimeweka jina la Mama.

Nderingo? Alikaa. Alikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa koti. Wakati wa chakula alimfuata dada yake, nikajisogeza kusikiliza, sina aibu. Alisema, "Dada, zilikuwa za rangi gani?" Mama akasema, "Nyekundu, zina madoa." Hakuna aliyeomba radhi, hamna tabia hiyo ukooni kwenu, lakini alikula maharage sahani mbili.

Mimi nilipongezwa na watu wengi, sitawataja wote maana karatasi itaisha. Mchungaji aliniuliza nilisoma chuo gani. Nikamwambia cha barabara ya Tunduma. Naona fahari, Eli, siwezi kujificha. Naona fahari kama mtu aliyejenga ghorofa. Nimelala miezi minane na mistari yako minne na nimekurudishia shairi zima, na kanisa limelibeba mdomoni. Lakini fahari yenyewe ni yako. Mimi nilishona tu, kitambaa kilikuwa chako.

Jambo moja lilinichoma. Wakati wa kuondoka, Mama alinivuta mkono pale langoni. Akauliza, "Hivi ndivyo alivyokuwa anaandika siku zote? Kwenye yale madaftari?" Nikasema ndivyo. Akasema, "Mbona hakunisomea?"

Nikamwambia alikuwa anangoja hilo lako liishe, Mama, aanze nalo. Nadhani ni kweli. Kama si kweli, wewe huko uliko lifanye liwe kweli.

Kwa hiyo Jumamosi zimehama. Wiki moja natazama televisheni, wiki inayofuata naipumzisha na kupanda Ngarenanyuki na madaftari yako yote saba kwenye mfuko wa simenti. Tuko la pili. Namsomea lile la reli, lile la wapiga tarumbeta wawili waliogombana, lile la kahawa iliyokataa kuchanua. Mengine hayapendi, anasema mwanawe alikuwa anazunguka mno. Mengine ananiambia nirudie. Nikifika mstari wa katikati, kabla sijaanza kupanda, huwa ananyoosha kiganja na kusema, "Ngoja kwanza, baba. Usigeuke."

Basi tunakaa pale. Yeye anachambua maharage, mimi nimeshika kidole kwenye mstari, sisemi kitu. Mimi Zakayo, ambaye hata mpakani sikuweza kungoja foleni.

Nakuaga hapa, rafiki yangu. Nakuahidi nitamsomea yote mpaka daftari la saba, na karatasi nitazikagua mwenyewe kabla hazijatoka. Na kila tutakapofika katikati, sitamharakisha. Atakapokuwa tayari, atatoa mkono, tutapanda.

Wako,
Zakayo
(herufi za kawaida, bila kukolezwa)